Umepata lupangu, kiwanja chako, sasa usinunue mashine mpya ya michezo

Lubumbashi, mwezi wa saba

Baba Gloire, ndugu yangu,

Yambo sana. Nisalimie mama Gloire na watoto wote. Huku tuko wazima, ila baridi ya mwezi huu haina huruma: asubuhi hakuna anayetoka bila koti, na mbabula, jiko la mkaa, imehamia ukumbini.

Ujumbe wako nimeusoma. Kumbe lupangu la Kolwezi limekwisha, ukuta umesimama, na siku ya Mungu, Jumapili, mchana unakaa barazani ukisukuma simu kwa kidole mpaka megabaiti ziishe. Unaniuliza kama umnunulie Gloire ile mashine mpya ya michezo anayoililia. Usinunue. Leo nina nafasi, acha nikueleze kwa nini, lakini nianzie nje, maana mchana ni wa lupangu.

Udongo wetu mwekundu wa Katanga unapendeza macho kuliko tumbo. Ni mchachu, na mvua za tangu mwezi wa kumi na moja zinauosha chakula chote. Ndiyo maana wazee walipenda kupanda kwenye kichuguu au ubavuni mwake. Mchwa wanapandisha udongo wa chini, na katika vile vichuguu vikubwa, vinavyoweza kufika mita 8, chokaa inajikusanya ndani. Chokaa inaua uchachu. Ni udongo uleule mafundi wanaochomea matofali, na wanawake wenye mimba wanautafuna. Hapa mjini vichuguu karibu vyote vimegeuka kuta za nyumba, kwa hiyo mimi niliagiza mkokoteni kutoka njia ya Kasapa, nikachanganya na samadi ya kuku na jivu kidogo la mkaa. Jivu nalo linasaidia, ila usimwage kama chumvi ya mlevi.

Sasa wewe uko katikati ya migodi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Usichote udongo kando ya njia ya malori, wala karibu na marundo ya mchanga wa madini. Kobalti na shaba huzioni kwenye jani, lakini zinaingia. Ukiona mahali panaota lile ua la shaba, lile la zambarau ambalo watafuta madini wanalichukua kama alama, hapo usipande chochote cha kula. Jenga choo.

Anza na lengalenga, yaani mchicha. Wiki tatu au nne tangu kupanda unakata, jioni unakula na bukari, ugali wetu. Mwezi huu wa baridi zinachelewa kidogo. Shu ya Kichina, ile kabichi ya majani marefu, ndiyo inayofurahi, mradi umwagilie asubuhi na jioni. Kisima chako kina maji mpaka mwezi wa kumi? Hilo ulichunguze kabla hujalima lupangu zima, maana kubeba madumu kutoka kwa jirani kunaua hamu upesi. Matembele hayahitaji hata mbegu, kipande cha shina kinatosha. Nyanya ziache kwanza. Wageni wote wa bustani wanakimbilia nyanya, na nyanya zinataka mtu asiyelala.

Saa kumi na mbili jua linazama, jembe linaingia ndani, na hapo ndipo PlayStation yangu ya kijivu, mashine ya michezo ya televisheni, inapoamka. Ile ya kwanza kabisa, iliyotoka Japani Desemba 1994 na kufika Ulaya mwaka uliofuata. Unakumbuka ile nyumba ya Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, tulipokuwa tunalipa kwa mechi na anayefungwa anaachia maneti, kile kidude cha kuchezea mkononi? Unakumbuka mwenye mashine alivyokuwa anaigeuza juu chini ndipo CD isome, nasi tukasema mzee yule ana dawa? Haikuwa dawa. Mashine za mwanzo zilikuwa na reli ya plastiki iliyobeba lenzi, tena karibu na sehemu ya umeme inayopata joto. Plastiki inalika na kulegea, lenzi inainama, diski haionekani tena. Ukiipindua mashine, lenzi inapata kukaa sawa. Wazungu nao walikuwa wanapindua zao, London na New York, bila kufundishwa na mtu wa Katuba.

Ndilo ninalolipenda kwenye kitu kile. Kikigoma, unachukua bisibisi, unafungua, unaona kila kiungo kwa macho yako. Mara nyingi ni vumbi tu: pamba kidogo, alkoholi, unapitisha kwenye lenzi taratibu, unafunga. Mashine mpya siku ya kwanza tu inadai intaneti, inapakua magigabaiti kabla hata mtoto hajashika maneti, na ikifa unabeba maiti nzima kwa fundi naye anakuambia sehemu hiyo haipatikani. Tena hii ya zamani inakula kama wati 20 hivi. Televisheni ndiyo inayokula zaidi yake. Umeme ukikatika, betri ya paneli ya jua inatufikisha mwisho wa mechi.

Watoto? Watazoea. Kadi ya kumbukumbu ina kilobaiti 128 tu, zimegawanywa vyumba 15, na Divine wangu na mdogo wake wanagombania vyumba hivyo kama urithi wa babu. Kufuta mchezo wa mwenzako bila ruhusa ni kesi inayofika mpaka kwa mama yao. Katika Tekken 3 Divine hachagui mtu mwingine ila Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, kwa kuwa hata ukibonyeza vifungo ovyo miguu inazunguka yenyewe. Ananipiga bila kujua anachofanya, na hilo linauma. Nilimweleza kwamba capoeira ilizaliwa kwa watumwa waliopelekwa Brazili, wengi wao kutoka Angola na Kongo. Akasema, «Basi ni yetu, papa,» akanipiga tena.

Mzee wangu anatucheka. «Mchezo wa 1994 mnauita wa zamani?» Yeye ana mistari yake minne ya mashimo chini ya mwembe, kisolo, yaani bao letu, na mbegu zake anaziweka kwenye kopo la maziwa. Ukikaa naye, wewe bado unahesabu, yeye amekwisha kuona mizunguko miwili mbele. Gloire akija likizo mlete kwake kwanza, halafu tuone kama atalilia mashine.

Ukitafuta yako sokoni, geuza usome karatasi ya chini. Ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na ukutani kwako kuna 220. Bila transfo, kile kifaa cha kupunguza volti, utaona moshi na harufu, basi. Tafuta iliyouzwa Ulaya. Picha ikitoka bila rangi usimgombeze muuzaji, huenda ni mfumo wa picha tu, mashine inaongea NTSC, wa Japani na Marekani, na televisheni inajua PAL, wa Ulaya. Ukipata televisheni ya chogo, ichukue hata kama mama Gloire atasema umeleta takataka: michezo ile ilichorwa kwa ajili ya kioo kile, na bunduki ya kulenga haifanyi kazi kabisa kwenye hizi bapa. Na vile vimashine vidogo vinavyojisifu kuwa na michezo mia kadhaa, vipite. Nusu yake ni mchezo uleule uliobadilishwa jina.

Mtoto wa dada yangu anakuja huko wiki ijayo kwa basi. Nimemfungia mbegu za lengalenga, vipande vya matembele ndani ya gazeti lenye unyevu (vitie ardhini siku hiyohiyo, usivilaze), na kadi moja ya kumbukumbu iliyo tupu. Maneti ninazo mbili za ziada, moja kifungo chake cha kushoto kinakwama ila inafaa kwa mgeni. Kabla hajapanda basi, tazama nyuma ya televisheni yako unijulishe kama kuna yale matundu matatu, la manjano, jeupe na jekundu. Kama hayapo, nimtafutie kamba nyingine.

Ndugu yako,
Baba Divine