Mayu, pikipiki ibaki kwa Shija

Sharjah, Ijumaa, 12 Septemba 2025

Mayu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao Doto ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu nyumbani. Barua hii anakuja nayo Mama Neema, anasafiri Jumanne. Ningepiga simu, lakini tangu kikao cha Jumapili ile kila nikipiga anayesikika ni Baba Mdogo peke yake, na mimi nikimpandishia mzazi sauti usiku silali. Kwa hiyo nimeandika. Akusomee Kulwa, taratibu, na asiruke mahali hata kama Baba Mdogo amekaa hapo hapo.

Kwanza hela. Ujumbe nimeupata: 380,000 za yule fundi wa Mabatini, anunue silinda na pistoni mpya za pikipiki ya Shija. Mayu, sizitumi. Sijasema sina. Ninazo. Tangu Agosti nimeongezwa mshahara, na bosi amenikabidhi funguo za stoo ya spea, mimi peke yangu kati ya mafundi saba, na wengine niliwakuta hapa. Sizitumi kwa sababu silinda ile haina ugonjwa, na anayetakiwa kuitengeneza pikipiki ile ni aliyetuuzia.

Sasa la kikao. Kulwa ameniambia yote. Kwamba Shija ni mzembe, kwamba ameikaanga injini kwa mbio, kwamba pikipiki apewe Masanja kwa kuwa ndiye mwenye akili ya maisha. Siku hiyo nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka wenzangu wakazima taa. Ile pikipiki niliinunua mimi, 2,950,000, na sikuinunua iwe ya ukoo. Niliinunua ili mdogo wangu Shija aache kusukuma mkokoteni wa magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba. Mgongo wake unaujua wewe uliyekuwa ukiukanda kila jioni. Tangu Mei mpaka Julai amekuletea 7,000 kila siku ya kazi, hata ile wiki aliyokuwa na homa. Mzembe gani analeta hesabu hivyo?

Pikipiki yenyewe ilitoka dukani na kasoro zake. Wiki ya kwanza betri ikafa. Wiki ya pili spoku za gurudumu la nyuma zikalegea mpaka rimu ikawa inacheza. Hayo niliyavumilia. Pikipiki zinafika zikiwa ndani ya boksi, zinaunganishwa hapo hapo dukani, na anayeunganisha akiwa na haraka, mambo kama hayo hutokea. Moshi ni jambo jingine.

Ile video ya Shija nimeitazama mpaka naijua kwa moyo. Ni alfajiri, uani, pikipiki imelala pale usiku kucha. Anapiga kiki, ya pili inawaka, na kwenye eksozi linatoka wingu la buluu, zito, linafunika ndoo zako zote. Shija anahesabu kwa sauti. Akifika ishirini wingu limeshapungua, akifika thelathini halionekani tena. Hapo ndipo unasikika wewe: "Hebu itoe hapo, unanifukizia michembe yangu!" Na jogoo wa kwa Mzee Lugi anawika. Mayu, sauti ile nimeirudia kwenye basi, nimeirudia wakati wa kula. Kuna usiku niliiweka tena na tena, na moshi wala sikuuangalia.

Lakini moshi ule unasema kitu, na kuusikiliza ndiyo kazi yangu ya kutwa. Huku natengeneza pikipiki za vijana wanaosambaza vyakula, injini za 150 kama ile ile, zinazunguka mjini tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Juu ya injini kuna valvu mbili, moja inaingiza hewa na petroli, nyingine inatoa moshi. Kila valvu imevalishwa kimpira shingoni, kazi yake ni kuzuia oili isishuke. Kimpira kikiwa kibovu, pikipiki ikisimama usiku oili inachuruzika kidogo kidogo mpaka ndani. Asubuhi ukiwasha inaungua yote kwa mara moja, ndilo lile wingu. Ikiisha, basi, mpaka kesho. Ringi za pistoni zikiwa mbovu haiwi hivyo. Moshi wa ringi hautulii, na unazidi pale injini inapobeba mzigo.

Nisingesema haya kwa kubahatisha. Nilimwambia Shija apande mlima wa Bugando akiwa na abiria, Kulwa awe nyuma yake kwenye boda nyingine anarekodi. Kupanda, safi kabisa, hakuna hata uzi wa moshi. Wakati wa kushuka ameachia mafuta, na alipovuta tena kule chini, buluu. Nikamwambia amwage oili yote, aweke mpya lita moja kamili, aendeshe kilomita 500, kisha amwage tena na kupima kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Chupa haikujaa. Iliingia lita moja, hata nusu haikutoka, na chini ya injini pakavu, hakuna tone lililovuja. Nikamwambia achomoe plagi aipige picha. Ncha nyeusi, imelowa, inang'aa kama ngozi ya kambale.

Hayo yote Shija aliwapelekea wale wa dukani. Ameenda mara sita, toka Buhongwa mpaka mjini, na kila safari ni siku ya kazi iliyokufa. Mara ya kwanza wakamwambia injini mpya lazima ivute moshi, itazoea. Halafu ikawa fundi wao yuko Geita. Halafu spea haijafika kutoka Dar. Mara ya nne wakakaa nayo siku nne, wakairudisha imeoshwa. Imeoshwa, mayu! Shija alivyonisimulia sauti ilikuwa inamkwama, ameshika pikipiki inameta, anapiga kiki na moshi ni ule ule. Mara ya tano hata hawakumkaribisha kiti. Mara ya sita wakaona bolti za juu zimeguswa na spana, wakasema basi, imefunguliwa na fundi wa nje, waranti imekufa.

Hapo namwomba Baba Mdogo anisikilize bila kukasirika. Ng'ombe wawili aliowauza mnadani Magu ndio walionisomesha chuo cha ufundi cha VETA Nyakato, na bila VETA ningekuwa bado nazunguka kijiweni. Sijasahau na sitasahau. Lakini kumpelekea fundi wa Mabatini pikipiki iliyo ndani ya waranti, bila kumwambia Shija wala mimi, lilikuwa kosa. Najua alikusudia kusaidia, na 120,000 alizitoa mfukoni mwake. Fundi akabadilisha ringi. Na moshi? Uko pale pale. Ringi mpya, moshi ule ule, asubuhi ile ile. Sasa anataka silinda na pistoni. Akishafunga hizo na moshi ukabaki, atataka nini tena? Hizo 120,000 namrudishia Baba Mdogo, Mama Neema anakuja nazo kwenye bahasha yake peke yake, imeandikwa jina. Sitaki aseme amepata hasara kwa ajili yangu.

Na la daraja. Baba Mdogo anasema injini ilikufa siku Shija alipompeleka abiria Sengerema, akaikimbiza juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi. Mayu, daraja lilizinduliwa tarehe 19 Juni. Sasa fungua kitabu cha sevisi, ukurasa wa sevisi ya kilomita 500. Kuna mhuri wa duka, tarehe 28 Mei, na chini ya mhuri fundi wao ameandika kwa kalamu yake: "mteja analalamika moshi asubuhi, oili inapungua." Wiki tatu kabla Rais Samia hajalizindua daraja! Nimeikuza picha ya ukurasa ule kwenye simu mpaka nikaona kalamu ilivyokwaruza karatasi. Waliliona tangu Mei, wakaliandika wenyewe kabla fundi yeyote wa nje hajagusa bolti, kisha wakamzungusha mdogo wangu mpaka Agosti. Na mtoto wa watu amebeba lawama hiyo mbele ya wazee, amenyamaza.

Daraja lenyewe sijaliona. Nililiacha nguzo zimesimama majini. Wanasema ni kilomita 3, unafika ng'ambo hata muwa hujamaliza kuutafuna. Mimi bado ninakumbuka kivuko, foleni ya magari pale Kigongo, baba anatununulia samaki wa kukaanga, mimi na Kulwa tunagombania kichwa. Nikirudi nataka kulivuka nimepakiwa na Shija, pole pole, upande wa ziwa nauangalia wote.

Sasa fanyeni hivi. Shija asiitoe barabarani kwanza, maana oili ikikauka injini itanoki kweli, na hapo tutakuwa tumewapa wale watu sababu. Kulwa aandike barua kwenda dukani, ana mwandiko mzuri na haogopi mtu. Aeleze kwamba kitabu chao kinasema waranti ni miezi 12 au kilomita 12,000, kipi kitangulie, na hii ina miezi minne na kilomita 6,400. Aambatanishe kopi ya risiti ya EFD na kopi ya ukurasa ule wenye mhuri, na nakala ya barua wamgongee mhuri wa kupokea. Wakikataa, wakatae kwa maandishi. Awape siku 14. Zikipita kimya, aende Tume ya Ushindani, ile wanayoiita FCC, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapo hapo Mwanza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ipo kwa ajili ya mlaji kama Shija, siyo ya wenye maghorofa tu. Kitabu chenyewe kikae kwenye sanduku lako la bati, chini ya vitenge. Usimpe mtu akatoke nacho, hata akisema anakwenda kukipiga picha tu. Kule wapelekewe kopi.

Kwa kuwa hesabu ya Shija imesimama, nimekutumia 150,000. Hizo ni za chakula na dawa zako za presha. Zisiguse pikipiki.

Mimi huku sina neno. Joto la huku tuliache. Leseni ya udereva ya huku nimeipata mwezi uliopita, na mayu, leseni hii watu wanaitafuta miaka. Picha yangu nikiwa nimeishika, Kulwa anayo kwenye simu. Waonyeshe wale wa Igoma waliosema nimekwenda Uarabuni kufagia. Kitu kinachonishinda ni samaki. Wapo wengi, wa kila rangi, ila sato aliyelala kwenye barafu siyo sato. Mama Neema akigeuza, mpe dagaa wakavu, na kama imebaki, mpe ile michembe iliyofukizwa. Hata ikinuka moshi nitaila.

Neno la mwisho. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ndogo nimeikunja, uifungue juu ya kitambaa vilivyomo visije vikadondoka. Utakuta vimpira viwili vyeusi, vidogo kama vifungo vya shati, vina shimo katikati na kispringi chembamba kama unywele kimezunguka shingoni. Nimevinunua mwenyewe kwa dirhamu chache. Siyo vya kufunga, fundi asivione. Hivyo ni vya kuona tu. Kitu cha ukubwa huo ndicho kilichofanya kikao kizima kimwite Shija mzembe. Jumapili mkikaa tena, uviweke mezani mbele ya Baba Mdogo kabla hajaanza kuongea, na umwache avishike mkononi.

Wabeja mayu.

Mwanao,
Doto