Kubadilishana miche Jumamosi

Habari za asubuhi wapendwa! Asumini yangu imechanua, harufu imejaa uani hadi barazani. Njooni mnuse wenyewe.

Tunakutana Jumamosi saa 3 asubuhi, kwangu Kimara, si Mbezi tena. Kule maji yamekatika.

1. Mchango ni shilingi 5,000, za samadi iliyoiva na viriba (mifuko ya kupandia miche). Mwisho Alhamisi jioni.
2. Leteni vipandikizi vya mrehani au asumini, urefu sentimita 15 hivi. Ondoeni majani ya chini, mvifunge kwa kitambaa kilicholoweshwa. Vikinyauka njiani, havishiki mizizi, na inauma sana!
3. Mwenye mkasi wa kupogolea aje nao.

Tafadhali kila mmoja ajibu "nakuja" au "sitaweza" kabla ya Alhamisi, nijue viriba vya kununua. Karibuni sana.