Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi ya chama atayaeleza Mhazini, nami sitayarudia. Taarifa yangu inahusu zaidi ziara za nyumbani kwa familia tunazozigawia chakula, jambo ambalo Kamati Tendaji imelijadili mwaka huu kuliko jingine lolote.

Wengi wetu tulijiunga tukiamini kwamba kujitolea ni kukusanya chakula na kukigawa. Mgao upo na utaendelea, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hawezi kusubiri mipango ya mwakani. Hata hivyo, familia inayopokea mgao mara moja na isimwone tena aliyeuleta hurudi pale pale ilipokuwa, nasi tukabaki bila kujua kama mtoto alikula. Ndiyo maana kila anayejitolea alikabidhiwa familia chache, azitembelee yeye mwenyewe kwa siku zinazojulikana.

Njaa ya nyumbani huanza kwa kufichwa. Mama hupunguza sahani yake kwanza na kusema ameshakula. Baba huchelewa kurudi makusudi, watoto wakiwa wamelala. Mgeni wa siku moja hayaoni hayo. Mwenzetu mmoja, baada ya kuzoeleka katika nyumba fulani, alitambua kwamba mtoto mkubwa alikuwa akibakiza sehemu ya chakula cha shuleni na kumletea mdogo wake. Habari hiyo isingepatikana kwenye fomu yoyote tuliyowahi kuijaza.

Wanaotembelea familia wamefundishwa pia kutumia utepe wa kupima mzingo wa mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa umelegea. Kipimo kilicho chini ya milimita 115 ni dalili ya utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni utapiamlo wa kadiri. Kisha hubonyezwa kwa kidole gumba sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde tatu, na vishimo vikibaki pande zote mbili mtoto hupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama utepe umeonyesha rangi ya kijani, yaani kipimo kizuri, kwa sababu uvimbe humfanya aliyedhoofu aonekane amenenepa. Sisi si wauguzi: tunapima, tunapeleka, tunafuatilia.

Utepe huo hauonyeshi udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyostahili umri wake. Makadirio ya UNICEF, Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ya mwaka 2022 yalionyesha watoto wa chini ya miaka 5 wapatao milioni 148 waliodumaa, ilhali waliokonda walikuwa milioni 45. Kwa kuwa udumavu hujengeka hasa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka 2, Kamati imeelekeza kwamba nyumba zenye wajawazito na watoto wachanga zitangulizwe, na mama anayenyonyesha asisahaulike katika mgao eti kwa sababu mtoto wake bado hajaanza kula.

Kuhusu picha, uamuzi ni kwamba hatupigi picha za watoto wala za familia zikipokea msaada. Wapo waliolalamika kwamba wafadhili hutaka kuona. Binafsi naona mfadhili anayestahili kuaminiwa ataridhika na hesabu zilizokaguliwa, na jirani hana haja ya kujua nani alisaidiwa.

Baadhi ya wenzetu wameacha ziara, nami siwalaumu, maana kuingia katika nyumba yenye shida kila mara na kutoka bila jibu la haraka huchosha moyo. Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao tutembelee wawili wawili, na kwamba anayetaka kupumzika aitambulishe familia kwa mrithi wake kabla ya kuondoka. Naomba mkutano uyajadili mapendekezo hayo na kuyapigia kura leo. Walio tayari kupangiwa wenzao wa ziara wajiandikishe kwa Katibu kabla hatujatawanyika.