Vifaranga wakianguliwa ndipo zamu inapoanza

Mhariri,

Majira ya joto yakifika, familia nyingi zinazosema Kiswahili hapa Portland na Lewiston, jimbo la Maine, hushuka pwani: Old Orchard, Scarborough, Wells, Popham. Huko zitakuta mchanga mkavu umezungushiwa uzi, na nguzo zake zina vibao. Tunaomba nafasi tueleze uzi huo unalinda nini, na kwa nini hautoshi pasipo watu wa kujitolea kusimama karibu nao.

Ndani yake hutaga ndege aitwaye piping plover, naye ni kitwitwi, jamaa ya wale wanaokimbizana na mawimbi kule kwetu. Ana rangi ya mchanga, miguu ya rangi ya chungwa na ukosi mweusi shingoni. Sheria ya Marekani inamlinda tangu 1986, wakati pwani nzima ya Atlantiki, Kanada ikiwemo, ilikuwa imebakiwa na jozi 800 hivi. Sasa zimepita 2,000. Ongezeko hilo lina jasho la watu wengi waliokesha na kushinda ufukweni bila malipo.

Mayai huwa manne, yana madoadoa, na yamelala ndani ya kishimo tu, hakuna nyasi wala vijiti. Unaweza kuyakanyaga huku unayatafuta. Dume na jike huatamia kwa kupokezana kwa wiki nne hivi, na mtu akisogea, mzazi huondoka. Jua likiwa kali, mayai yakiachwa wazi hayachukui muda kuharibika. Ndiyo sababu uzi huwekwa mbali, angalau mita 50 kutoka kwenye kiota pale nafasi inaporuhusu. Kishada nacho kisirushwe ndani ya mita 200: ndege huyu akikiona angani huona mwewe.

Wengi hudhani mayai yakishaanguliwa kazi imekwisha. Sivyo hata kidogo. Saa chache baada ya kutoka kwenye yai, kifaranga wa gramu sita hivi anatembea na kujitafutia chakula mwenyewe, na chakula kiko nje ya uzi, kwenye maji na kwenye mwani uliotupwa na bahari. Hajui kuruka mpaka apite siku 25, wengine mpaka 35. Muda wote huo anapita katikati ya taulo na mipira ya watoto. Akiogopa mara nyingi hakimbii, hulala kifudifudi mchangani asionekane. Mbinu hiyo humfaa kwa shakwe, lakini haimwokoi na kiatu wala gurudumu. Akitumbukia katika alama ya tairi au shimo walilochimba watoto, huenda asitoke.

Kwa hiyo mwenye zamu hasimami kulinda uzi, anasimama pale vifaranga walipo. Chukua darubini, maji, kofia, daftari na kalamu. Andika saa, wazazi wangapi, vifaranga wangapi, mbwa wangapi wasiofungwa, na nyayo za mbweha ukiziona. Andika ulichokiona, usikisie. Jana walikuwa wanne na leo unaona mmoja? Usiingie kuwatafuta. Tulia, mtazame mzazi aliyetulia mchangani na uhesabu miguu. Ukiona miguu minane chini ya ndege mmoja, vifaranga watatu wako chini ya tumbo lake wanaota joto.

Mzazi akianza kujiburuza kama aliyevunjika bawa, hajaumia. Anakuvuta mbali na watoto wake, na maana yake wewe ndiye umekaribia mno. Rudi ulikotokea, ukiangalia kila unapokanyaga. Usiende moja kwa moja hadi kiotani kisha ukageuka, kwa sababu nyayo na harufu yako humwonyesha mbweha njia. Kumshika kifaranga hata kwa huruma ni kosa kisheria, na vizimba vya waya vinavyofunika baadhi ya viota huwekwa na wenye kibali tu.

Ukimwendea mtu ambaye mbwa wake hajafungwa, usianze na sheria. Mpe darubini kwanza, mwonyeshe ndege, halafu mwombe afunge kamba. Kwa mzee wa kwetu anza na shikamoo kama kawaida. Mtu aliyemwona kifaranga kwa macho yake huwaita wanawe wamwone, na wao ndio watakaofukia shimo lao kabla ya kuondoka.

Masalia ya chakula yaokotwe yote, hata maganda ya karanga, maana huwaita kunguru, shakwe na mbweha. Mwani uachwe ulipo. Wapo wanaoukusanya wakidhani wanasafisha, kumbe wameondoa meza ya vifaranga.

Anayetaka kujiunga awaulize Maine Audubon, shirika la kulinda wanyamapori, au ofisi ya mji wake mapema, kabla ndege hawajaanza kutaga, kwa sababu mafunzo hutangulia zamu. Siku ngumu kuliko zote ni tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani: fukwe zimejaa, fataki zinalia, na vifaranga wengi bado hawajaruka. Watu wanahitajika mchana kutwa siku hiyo, na kesho yake alfajiri kuokota mabaki kabla shakwe hawajafika.

Wajitoleaji wa fukwe,
Portland, Maine