Mhandisi wa Mysore hakuwa mpiga ramli

Mhariri,

Kila ikikaribia Septemba 15, siku ambayo India huadhimisha wahandisi wake, kuna hadithi inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mhindi mmoja amepanda treni iliyojaa Wazungu, usiku anavuta mnyororo ghafla, anasema reli imevunjika huko mbele, na kweli wanaikuta imevunjika. Mhindi huyo ni mhandisi Sir Mokshagundam Visvesvaraya. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kwamba hadithi hiyo inamgeuza mpiga ramli, wakati kazi zake halisi zinapendeza zaidi.

Mimi nimestaafu kazi ya kufungua na kufunga mageti ya skimu ya mpunga huku Mbarali. Aliyewahi kushika kazi hiyo anazijua usiku za masika: mto unapanda, mvua haikatiki, na ukipitiwa na usingizi tu, tuta limekwenda. Visvesvaraya aliyajua hayo alipokuwa mhandisi wa serikali ya Bombay. Bwawa la Khadakwasla, karibu na Poona, lilikuwa likipoteza maji mengi ya mafuriko kupitia kwenye utoro wake, yaani njia ya kumwagia maji ya ziada, na kuinua ukuta mzima ni gharama kubwa. Mwaka 1903 yakawekwa juu ya utoro mageti aliyoyabuni mwenyewe. Maji yakifika kwenye alama, mageti yanafunguka yenyewe, yakipungua, yanajifunga. Akiba ikaongezeka na ukuta haukuguswa. Hakuna mlinzi wa kuamshwa saa nane usiku!

Mageti yanayojiendesha yakawekwa pia Krishna Raja Sagara, bwawa la mto Kaveri lililoanza kujengwa mwaka 1911 yeye akiwa mhandisi mkuu wa Mysore, dola ya kifalme ya kusini mwa India. Ukuta wake una zaidi ya kilomita mbili na nusu, wa mawe yaliyoshikanishwa kwa surkhi, yaani chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma, badala ya saruji. Bwawa hilo liliyanywesha mashamba ya Mandya, na likaipa maji ya uhakika mitambo ya umeme ya Shivanasamudra, iliyokuwa ikiendesha migodi ya dhahabu ya Kolar.

Hata hivyo, mimi ningeanza na mpango wake wa mwaka 1899 kwenye mifereji ya kumwagilia ya Deccan, nyanda za juu za India. Wakulima wa miwa walikuwa wakivuta maji watakavyo, na wa mwisho wa mfereji wakiambulia vumbi. Akayagawa mashamba kwa vitalu. Zao linalokunywa sana likaruhusiwa sehemu tu ya kitalu, na maji yakatolewa kwa zamu ili yavifikie vijiji vingi zaidi. Wenye mashamba mkiani mwa mfereji wananielewa. Nimeshaona watu wakiinuliana majembe kwa ajili ya zamu ya usiku mmoja. Geti likiharibika huitwa fundi. Jirani wa juu anayeziba maji kwa magunia ya mchanga, fundi hamwezi.

Mengine nayapita haraka. Mwaka 1906 alipelekwa Aden kupanga maji na mifereji ya taka. Mafuriko ya mto Musi yalipoua maelfu ya watu Hyderabad mwaka 1908, aliitwa, akashauri yajengwe mabwawa juu ya mji. Mwaka 1912 akawa Diwani wa Mysore, yaani waziri mkuu wa dola ile, na humo ndimo kilimoanzishwa Chuo Kikuu cha Mysore mwaka 1916. India huru ilimpa nishani ya Bharat Ratna mwaka 1955, na alifariki 1962 akiwa amevuka miaka 100.

Lakini kuna jambo ambalo wanaomsifu hulificha. Nafasi za serikali kule Mysore zilikuwa zimeshikwa zaidi na Wabrahmini, watu wa tabaka la juu la Wahindu, na yeye alikuwa mmoja wao. Maharaja, yaani mfalme wa Mysore, alipotaka watu wa tabaka nyingine watengewe nafasi, Visvesvaraya alipinga, akidai kazi zitolewe kwa uwezo tu, na mwaka 1918 akaondoka kwenye udiwani. Hapo simuungi mkono hata kidogo. Mtu aliyewakatalia wa karibu na banio, pale mfereji unapochukulia maji mtoni, wasiyamalize maji, vipi hakuona kwamba hata ofisini kuna waliozaliwa karibu na banio?

Septemba ijayo, mhariri, mkimtaja, naomba msiiache habari hiyo ya 1918. Ile ya treni iacheni.

Mfungua mageti mstaafu,
Mbarali, Mbeya