Yah: Malalamiko ya kuambiwa kadi ya grafiksi ya kompyuta imeungua wakati ni nzima, na kuuziwa waya zisizofaa

Kwa meneja wa duka,
Kariakoo, Dar es Salaam

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa Morogoro, yule dada wa chumba cha gemu aliyechukua kompyuta ya mezani na monita ya inchi 27 kwenu mwezi wa pili, risiti nimezipiga picha zote nimeambatanisha hapa. Nimeshapiga simu mara sita, wasap nimetuma mpaka nimechoka naona tiki za bluu tu, na kila anayepokea simu ananiambia nianze upya kueleza, kwa hiyo leo naandika yote mara moja.

Kompyuta mliiunga nyie wenyewe hapo dukani. Prosesa i5-10400F, kadi ya grafiksi (ile inayotoa picha) GTX 1660 Super, na monita ya nukta 2560 kwa 1440 ambayo boksi lake limeandikwa 144Hz kwa maandishi makubwa, yaani inachora picha mara 144 kwa sekunde. Hela niliyolipa ni ya kikundi, narejesha kila Jumamosi, mashine ikilala mimi nadaiwa vilevile.

Niliposhindwa kuiwasha mkanitumia fundi wenu aliyepo hapa Moro, nikamlipa 40,000. Akachomeka waya wa HDMI nyuma ya kompyuta, monita ikaandika "No Signal". Akachomoa akachomeka, akafuta RAM na kifutio, akabadili waya, saa mbili nzima, mwisho ananiambia dada hii kadi imeungua ipeleke Dar. Nikabeba mashine nikapanda nayo basi, nimeipakata mapajani mpaka Dar kwa kuogopa buti. Mkakaa nayo siku nne, mkaniambia tumeitengeneza, mkanidai 60,000 nikatoa. Nimerudi nayo Moro, fundi yuleyule akaja, akachomeka vilevile, "No Signal" tena. Siku hiyo nililia jamani, sioni aibu kusema.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja anasoma SUA anakujaga kucheza kwangu. Kaangalia nyuma dakika moja tu akasema dada, huu waya uko kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ndo akanionyesha kwamba kule juu, pale pembeni ya matundu ya USB, kuna tundu la HDMI la mazabodi, halafu chini kabisa kuna matundu mengine yamelala, hayo ndo ya kadi. Lile la juu linapata picha kutoka kwenye grafiksi iliyomo ndani ya prosesa, na prosesa yangu ina herufi F mwishoni, maana yake hiyo grafiksi ya ndani haitumiki kabisa. Yaani lile tundu halijawahi kutoa picha na halitakaa litoe, hata ukilichomeka waya wa dhahabu. Akahamisha waya kwenye kadi, picha ikaja palepale.

Sasa naomba mnijibu kwa maandishi, zile siku nne mlitengeneza nini? Kadi ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Nyie ndo mliochagua prosesa ya F mkaiunga kwa mikono yenu, mnajua kabisa kwamba tundu la juu limekufa, mlikuwa mnaweza hata kuliziba na kile kifuniko cha plastiki au kubandika karatasi tu. Na kwa vyovyote hapo dukani mliiwasha ikaonyesha, kwa sababu huko mlichomeka panapotakiwa, lakini hakuna aliyenyanyua simu kumwambia fundi wa huku.

La pili ni hiyo 144Hz. Wateja wangu wanacheza gemu za kupiga risasi, hawa vijana wanaiona tofauti ya 60 na 144 kabla hata hawajakaa vizuri kwenye kiti, na mimi nilishatangaza kwamba nina skrini ya 144, watu wametoka mpaka Mazimbu kuja kucheza. Nikiingia kwenye setingi inaishia 75, haivuki. Nikawapigia, kijana wenu wa mauzo akasema tatizo waya dada yangu, huo ni wa kawaida, chukua huu wa 8K. Nikatoa 35,000, nikaupokea kwa basi, nimechomeka, 75 ileile. Nikapiga tena, safari hii akasema basi chukua waya wa HDMI kwenda DisplayPort, ambayo ni aina nyingine ya tundu la picha, 45,000, upande wa HDMI weka kwenye kadi, upande wa DisplayPort weka kwenye monita. Nimeweka, giza tupu.

Nimekaa usiku nimesoma mpaka nimeelewa, na siwezi kunyamaza kwa sababu hii elimu nilitakiwa niipate kwenu mnaouza. Matundu ya HDMI ya hii monita ni ya 1.4, ya mwaka 2009. Picha ya 2560 kwa 1440 ina nukta karibu milioni 3.7, ukizichora mara 144 kwa sekunde unahitaji kama biti bilioni 12.7 kila sekunde. HDMI 1.4 mwisho wake ni bilioni 10.2, na humo sehemu nyingine inaliwa na usimbaji, za picha zinabaki kama 8.16 tu. Haitoshi, na waya hata uwe wa bei gani hauongezi uwezo wa tundu. DisplayPort kuanzia 1.2 inabeba 21.6, ukitoa makato inabaki 17.28, inatosha na chenji inabaki. Kitabu cha monita kimeandika waziwazi, HDMI 75Hz, DisplayPort 144Hz, ni mstari mmoja tu, mtu wa mauzo angeusoma tusingefika huku.

Na huo waya wa 45,000 unafanya kazi upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta yenye DisplayPort kwenda kwenye skrini yenye HDMI. Kuugeuza haiwezekani, kutoka HDMI kwenda DisplayPort inatakiwa adapta yenye chipu ya kugeuza na umeme wake. Afu kadi yangu yenyewe ina DisplayPort! Nilichokuwa nahitaji ni waya wa kawaida wa DisplayPort kwa DisplayPort, na kitabu hichohicho kinasema ulitakiwa uwemo ndani ya boksi. Haukuwemo. Boksi nililikuta selotepu imebandikwa mara mbili, ndani mmeweka waya wa HDMI umekunjika. Huo wangu uko wapi? Kijana wa SUA kaniazima wa kwake, nimechomeka, nimeingia kwenye setingi nimechagua, 144 ikatokea palepale.

Kuna na ile adapta ya 15,000 ya kutoka tundu la DVI la kadi kwenda VGA, tundu la monita yangu ya zamani. Haiingii hata kidogo kwa sababu tundu la kadi ni DVI-D, halina zile tundu nne za pembeni ya bapa, linatoa picha ya kidijitali tu, halitoi analogi kabisa, na VGA ni analogi tangu ilipoanza 1987. Kadi mliniuzia nyie, adapta mliniuzia nyie.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie 40,000 ya fundi, 60,000 ya hayo mnayoita matengenezo, 35,000, 45,000 na 15,000, jumla 195,000, na waya wa DisplayPort uliotakiwa kuwemo kwenye boksi. Msiniambie nimeshafungua pakiti, bila kufungua ningejuaje kwamba hazifanyi kazi? Waya na adapta ninazo safi na vifuko vyake, nitazituma kwa basi mkinithibitishia. Na huyo fundi wa Moro mwelekezeni, maana mama mmoja jirani yangu wa stationari naye kaambiwa na huyohuyo kwamba monita yake imekufa, nimeenda kuangalia, waya ulikuwa kwenye tundu la juu, la mazabodi.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita napeleka barua hii na risiti zote Tume ya Ushindani. Nipo kwenye chumba changu cha gemu kila siku saa nne asubuhi mpaka saa tatu usiku, namba yangu iko kwenye risiti, atakayepiga awe ameshaisoma barua yote.

Mteja wenu,
Morogoro