Mwanafunzi ajifunze kusema kwa kusema

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie jambo linalojirudia kila muhula katika vyuo na sekondari za hapa Dodoma. Mwanafunzi akiulizwa kwenye mtihani ataje vipengele vya mawasiliano, anaandika bila kusita: mtoa ujumbe, ujumbe, njia, mpokeaji, mrejesho na vikwazo. Anapata alama zote. Wiki inayofuata anasimama kuwasilisha kazi ya kundi, anawapa wenzake mgongo, anasoma slaidi neno kwa neno, na muda unakwisha bila yeyote kuelewa kundi lilifanya nini. Vipengele sita vimo kichwani, ila hajawahi kupewa zamu ya kuvifanyia kazi.

Kinachodharauliwa zaidi ni mrejesho. Msemaji anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo!" Jibu hilo ni adabu tu, halimwambii chochote, maana hakuna atakayenyoosha mkono mbele ya wenzake sitini aseme hajaelewa. Aulize swali linalodai kitu: "Nani anikumbushe hatua ya pili?" au "Kama mvua ikichelewa, mkulima wetu afanye nini kwanza?" Kimya kikizidi sekunde tano, arudie hoja kwa maneno mengine na kwa mfano mwingine. Kurudia sentensi ileile kwa sauti kubwa hakusaidii. Vilevile kwa msikilizaji. Kwenye mdahalo, kabla ya kumjibu mpinzani, aeleze kwanza hoja ya mpinzani huyo kwa maneno yake mwenyewe. Mpinzani akikubali kuwa ndivyo alivyosema, ndipo ajibu. Tumia utaratibu huu na utaona nusu ya mabishano yanakufa palepale, kwa sababu watu walikuwa wanajibu jambo ambalo halikusemwa.

Sauti inahitaji maelezo marefu kidogo. Mwanafunzi mwenye hofu huvuta pumzi fupi ya kifuani, mabega yanapanda, na hewa inamwishia katikati ya sentensi. Asimame miguu ikiwa sawa na upana wa mabega, avute hewa hadi tumbo lisogee mbele, kisha aanze. Akianza kabla hewa haijaingia, silabi ya kwanza inamezwa, na katika Kiswahili hiyo ndiyo mara nyingi hubeba ukanushi: "hawatalipa" inafika nyuma ya ukumbi ikiwa "watalipa", maana imegeuka kabisa. Kwa hiyo tunawaomba walimu waache kuwacheka wanafunzi kwa lafudhi ya Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Lafudhi haimzuii mtu kueleweka. Kinachozuia ni kumeza silabi na kukimbia.

Kuhusu kasi, vitabu vya Kiingereza hutaja maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Msiichukue namba hiyo kama ilivyo, kwa kuwa neno moja la Kiswahili kama "tutawapelekea" lina kazi ya maneno manne matano ya Kiingereza. Njia rahisi ni kusoma maelezo yako kwa sauti huku saa ya simu inahesabu, mara mbili, ukiwa umesimama. Kisha punguza maandishi hadi yatoshe kwenye dakika nne kama umepewa tano. Ile dakika moja italiwa na kutulia, kicheko, au projekta iliyogoma.

Vikwazo vya kwetu tunavijua. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua inaweza kupiga bati mpaka mwalimu mwenyewe asisikike. Miezi ya kipupwe upepo unagonga madirisha. Usishindane na bati. Nyamaza, andika hoja kuu ubaoni, endelea mvua ikipungua. Kama kuna kipaza sauti, shika mpini, usifunike kichwa chake kwa kiganja, kiweke umbali wa upana wa kiganja chini kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisilipuke. Ukigeuza uso kutazama slaidi, kigeuke nawe. Kikianza kupiga mluzi, kimenasa sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha humohumo. Sogea nyuma ya spika. Kukipigapiga kwa kidole hakuponyi kitu.

Halafu kuna itifaki. Huu ni mji wa Bunge na semina, na vijana wanaiga wanachokiona. Mwanafunzi mwenye dakika tano anamsalimu mkuu wa idara, wahadhiri mmoja mmoja, viongozi wa darasa, wanakundi, kisha ndipo anatamka "itifaki imezingatiwa", maneno ambayo kazi yake ilikuwa kumwondolea mzigo huohuo. Laiti angeiga jambo lingine la Bunge: kengele. Mbunge akiisikia, anajua muda wake umekwisha, na mwenye uzoefu huwa ameshatoa hoja yake mapema. Salamu moja ya heshima inatosha, kisha sentensi moja yenye jibu: "Tumegundua kwamba zizi likiwa kwenye mteremko chini ya kisima, maji hubaki safi zaidi, nitaeleza sababu mbili." Msikilizaji akishajua anapelekwa wapi, anavumilia mengi.

Kuna pia karatasi za mafunzo zinazopita mkono kwa mkono zikidai kwamba maneno yana uzito wa asilimia 7 tu katika mawasiliano, sauti 38, na mwili 55. Namba hizo zimetoka kwenye tafiti mbili za mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake, Marekani, zilizochapishwa mwaka 1967. Waliopimwa walikuwa wanakisia hisia, kama msemaji anapenda au anachukia, hasa pale neno na toni au uso vinapopingana. Hazikupima mhadhara wala maelezo ya kazi. Anayeamini asilimia 7 amwelekeze mgeni kutoka Nyerere Square hadi stendi ya Nanenane kwa mikono na uso peke yake. Mwili una kazi yake: tazama mtu mmoja hadi umalize wazo, hamia mwingine upande wa pili, mikono isiwe mfukoni. Lakini hoja mbovu haitibiwi na ishara.

Tunajua jibu litakalokuja: madarasa ni makubwa. Gawanya wanafunzi 60 katika makundi ya sita sita. Kila mmoja anasema dakika mbili, wenzake wanatumia dakika moja kumwambia walichoelewa, wala si kama "amejitahidi". Ndani ya dakika 18 kila mwanafunzi amesema. Kelele za makundi kumi kwa pamoja ni mazoezi ya ziada ya kutamka vizuri.

Na alama zibadilike, maana mwanafunzi hufuata alama zilipo. Leo kundi humsukuma mbele yule mmoja mwenye Kiingereza kizuri, wengine wanasimama kando kama wapambe wa bwana harusi. Tunapendekeza wasilisho lenye alama 20 ligawanywe hivi: 8 za kueleweka, 4 za sauti na matamshi, 4 za kujibu maswali, 2 za kutunza muda, 2 za slaidi. Zile 8 zipimwe kwa wasikilizaji: watano wachaguliwe kwa bahati nasibu baada ya wasilisho, kila mmoja aandike hoja kuu kwa sentensi moja, na mwalimu alinganishe sentensi hizo na ile ambayo msemaji alimkabidhi kabla hajaanza. Anayejibu maswali asiwe yule aliyewasilisha. Mwalimu amteue papo hapo.

Wakufunzi wa stadi za mawasiliano,
Dodoma